Magazini Haigusi Ardhi

Jumamosi ya kwanza nilidaka magazini mara sita, na sikujua kama nadaka. Mkono wa kushoto ulikuwa unajiendea wenyewe. Risasi zikiisha nabonyeza kile kitufe cha pembeni, magazini tupu inachomoka chini ya mpini wa bastola, na kabla haijafika usawa wa goti mkono uko pale, umeikamata, unaitia mfuko wa suruali, unafunga na kifungo. Ndipo naanza kutafuta magazini iliyojaa kiunoni. Mwalimu, mwanajeshi mstaafu aliyefunga miwani yake kwa uzi nyuma ya shingo, alisimama begani kwangu na kile kisaa chake cha kupimia muda, akaniacha nimalize. Halafu akauliza:

"Hiyo ni yai?"

"Hapana, mzee."

"Sasa unailea ya nini?"

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka lindo la usiku saa kumi na mbili asubuhi, nimepanda boda na kiatu kimelowa umande, mpaka kule nje ya jiji kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, ambako ukuta wa udongo ndio unaomeza risasi. Sijala, sijalala. Mwanangu alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo kila nikinyoosha mikono miwili mbele kulenga, mikono inabana kifua kilichojaa maziwa, na maumivu yanafika kwapani. Hayo huwezi kumwambia mzee mwenye miwani ya uzi. Nilimwambia tu kwamba kwenye kampuni yetu magazini haigusi ardhi.

Ndiyo sheria ya kwanza tunayofundishwa sisi askari wa kampuni ya ulinzi, kabla hata ya kufundishwa risasi inaingilia wapi. Mimi niliiangusha wiki ya kwanza ya mafunzo. Msimamizi wetu akanivua viatu, akanipa bunduki niishike juu ya kichwa, nikazunguka ukuta wa ofisi mpaka mikono ikawa si yangu tena. Tangu siku hiyo sijaangusha kitu. Sahani haianguki mikononi mwangu, kijiko hakianguki. Mwaka mmoja na nusu sasa.

"Hapa tunahesabu sekunde," mwalimu alisema. "Kitu tupu haina kazi. Wacha ianguke, wewe endelea. Ukishamaliza utaokota."

Ni rahisi kusema.

Nieleze kwanza kwa nini nilikuwa pale, kwa sababu si kwamba napenda bastola. Nilifika kidato cha nne, nikapata mimba, nikapata kazi ya ulinzi, kwa mpangilio huo. Baba wa mtoto hajafa. Yupo, anapumua, anakula, mtaani anaonekana. Basi. Mtoto nilimwachia mama yangu Kisenyi kila jioni, nikaenda kukaa getini kwa supamaketi mpaka asubuhi. Nikirudi saa mbili naanguka godoroni, mtoto anacheza juu ya miguu yangu kama anacheza juu ya gunia. Majirani waliniita "Afande" kwa utani, na yeye akaokota hilo. Mama alikuwa bibi yake. Mimi nilikuwa Afande.

Kisha kukawa na ule usiku wa homa. Mtoto alishikwa na degedege, mama yangu akambeba mgongoni akakimbia naye kliniki, huku anapiga simu yangu. Simu yangu ilikuwa kwenye droo ya msimamizi, maana zamu ya usiku wanakusanya simu ili tusilale tukitazama video. Niliipata asubuhi. Mtoto alikuwa ameshalala nyumbani, mzima, na mama yangu hakuniambia neno. Kama angenitukana ingekuwa afadhali. Nilikwenda ofisini siku hiyohiyo bado na sare, nikamwambia msimamizi nataka zamu ya mchana au nakuja kukaa hapa mlangoni na mtoto wangu mpaka nipate.

Msimamizi wetu si mtu wa kushtuka. Alinitazama, akaendelea kutafuna kijiti chake.

"Mchana iko moja," akasema. "Kliniki ya watu wakubwa, Ntinda. Wanataka askari mwanamke, na wanataka wa bastola, bunduki inawaogopesha wagonjwa. Lakini wanataka mwenye karatasi ya klabu ya shabaha. Unamaliza mashindano yao, vituo vinne, hufutwi kwa kosa la hatari, wanakupa karatasi. Ukifutwa, namleta yule dada wa geti la Nakivubo."

"Nikiwa wa mwisho?"

"Wa mwisho ni wa mwisho. Ukifutwa ndiyo hakuna karatasi."

Ndiyo hivyo. Jumamosi sita za mazoezi, kisha mashindano. Sikutaka kikombe. Nilitaka kulala usiku kwenye godoro moja na mtoto wangu, ili homa ikija inikute.

Mashindano yenyewe ni hivi. Unasimama mikono imelegea, bastola iko kwenye ala kiunoni. Kisaa kinalia, unachomoa, unakimbia kati ya mapipa na milango ya mbao isiyo na nyumba, unapiga vibao vya boksi kwa mpangilio unaochagua mwenyewe, risasi mbili kila kibao. Vibao vyeupe huvigusi, hao ni raia wema. Wanahesabu umepiga wapi na umetumia muda gani. Lakini juu ya yote hayo kuna hatari: mdomo wa bastola lazima uangalie ukuta wa udongo saa zote, usigeuke pembeni kupita mabega yako, na ukitembea kidole kiwe nje ya triga. Ukikosea hapo hakuna kuhesabiwa. Unafungasha, unakwenda nyumbani.

Jumamosi ya pili tuliacha magazini kwanza, kwa sababu risasi zangu zilikuwa na ugonjwa mwingine. Zote zilianguka chini kushoto. Nikilenga kifua cha kibao, napata kiuno. Nikilenga kiuno, napata udongo. Mwalimu akaanza kunifundisha, na hapo ndipo nilipotaka kumpiga.

"Mama, bastola shika kama mwiko wa posho."

Nikashika kama nasonga ugali.

"Hapana, umekaza sana. Triga vuta kama unakamua chungwa. Pole pole, maji itoke, mbegu ibaki."

Nikakamua chungwa. Chini kushoto.

"Bambi," akasema kwa huruma. "Usifinye kama unga wa chapati."

Pembeni yangu kulikuwa na mwenzangu wa getini, mwanaume, naye kaletwa na kampuni kujaza timu. Mwalimu akihamia kwake anasema: kiganja juu zaidi, bega mbele, kidole hapa. Akirudi kwangu ananirudisha jikoni. Na mimi sipiki. Nyumbani kwetu anapika mama yangu, mimi nikigusa chapati inakuwa ngozi ya kiatu. Nilivumilia mwiko, nikavumilia chungwa. Aliposema nivute pumzi kama napuliza sigiri ya mkaa, niliirudisha bastola kwenye ala, nikageuka.

"Mzee. Huyu hapa umemwambia kidole kiwe wapi. Mimi niambie hivyohivyo. Kidole kiwe wapi?"

Mwenzangu akaguna. "Mama mtoto leo kachacha."

"Wewe nyamaza, kibao chako chenyewe hakina tundu."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati. Alikuwa mtu mzima, umri wa baba yangu angekuwepo, na nilijua nimevuka mpaka. Kwetu sisi Wanubi wa Kisenyi, babu zetu walikuwa askari, na mkubwa wa jeshi hata akistaafu hajibiwi hivyo akacheka. Hakunicheka wala hakukasirika. Alivaa miwani tena.

"Mkono wa kushoto ndiyo unashika," akasema. "Nguvu yote iko kushoto. Wa kulia umekuja kwa kazi ya kidole kimoja. Ncha ya kidole, si kwenye kiungo. Ukivuta, vile vidole vingine vitatu visijue."

Visijue. Hilo nililielewa mara moja.

Akachukua magazini yangu, akanipa mgongo, akapanga risasi na kuchanganya moja ya uongo, isiyo na baruti, mahali nisipopajua. Nikapiga ya kwanza, ya pili. Ya tatu triga ikafika mwisho na kukawa kimya. Bastola haikulia, lakini niliuona mdomo wake ukizama mbele yangu kama kichwa cha askari anayesinzia saa tisa. Nilikuwa nauzamisha mwenyewe. Nilikuwa naisubiri kelele, naikunjia ngumi kabla haijaja.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi mimi sina maneno mengine. Rudia."

Nilirudia mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Na sitasema kwamba hasira ilikwisha na mkono ukatulia, kwa sababu haikuisha. Nilikuwa na hasira ileile, ya droo na simu, ya mtu anayeonekana mtaani na kunisalimia kama jirani. Kidole tu ndicho kilichojifunza kutohusika.

Nyumbani hakuna bastola, kampuni haikupi ya kwenda nayo, na hata ingekupa, Kisenyi ukionekana dirishani na kitu chenye umbo hilo utaletewa polisi kabla hujamaliza kulenga. Nilifanya mazoezi ya magazini kwa sabuni. Kipande cha sabuni ya mche, ukikikata vizuri, kinalingana na magazini kwa urefu na unene. Kimoja mkononi, kimoja kiunoni kwenye mkanda. Alasiri, kabla ya kwenda lindo, nasimama katikati ya chumba: naachia cha kwanza, nachomoa cha pili. Naachia, nachomoa. Mkono wa kushoto ulikataa siku nne nzima. Sabuni inaanguka, mkono unaifuata chini kama kuku anafuata punje. Siku ya tano ukaiacha. Ikagonga sakafu, mkono ukabaki kiunoni.

Mtoto akaona ni mchezo. Kila sabuni ikianguka anaikimbilia, anaiokota kwa mikono miwili, ananiletea. "Afande, shika." Naachia tena. Anaokota tena, amefurahi kabisa, kwa mara ya kwanza mama yake yuko macho na ana kazi naye. Mama yangu alikuwa mlangoni anasuka sinia yake ya ukindu, akatazama mpaka akachoka.

"Mwanangu, wewe unafundisha mtoto kutupa vitu."

"Nafanya mazoezi ya kazi."

"Kazi ya kutupa sabuni. Nami nilikuwa nadhani umesoma."

Usiku huo mtoto alitupa kikombe cha chai ya bibi yake. Niliambiwa asubuhi, kwa kirefu.

Kosa langu kubwa nililifanya Jumamosi ya nne. Magazini ikaanguka yenyewe, safi, kama sabuni. Nikaingiza nyingine, safi. Halafu nikainama kuokota ile ya chini. Sijui niseme nini zaidi. Nilikuwa na bastola iliyojaa mkono wa kulia, nikainama kuokota chuma tupu kwa mkono wa kushoto, na mwili ukiinama hivyo mkono wa kulia unazunguka nyuma kusawazisha. Mdomo wa bastola ukapita pembeni, ukapita mabega, ukaelekea mahali waliposimama watu. Mwalimu alinikamata kifundo cha mkono, akakigandisha pale. Hakupiga kelele. Akaichukua bastola vidoleni mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaitoa risasi, akaiweka mezani.

Mwenzangu, aliyekuwa upande ule, hakuwa na utani siku hiyo. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Kaa pale," mwalimu akaniambia.

Nilikaa juu ya jiwe masaa mawili. Kulikuwa na kaloli, wale ndege wakubwa wa majalalani, watatu, wamesimama ukingoni mwa machimbo wanatazama kama wanangoja majibu. Nilijaribu kulia, usingizi ukanizidi. Nililala nimekaa. Mwalimu alikuja kuniamsha kwa mguu wa kiti.

"Leo ingekuwa mashindano, umekwenda nyumbani."

"Najua, mzee."

"Nani alikufundisha kuokota?"

"Kampuni."

Akafikiri. "Kale, sawa. Basi hapa ukiinama na bastola mkononi mara moja tena, mimi ndiyo nakufuta, sitangoja siku ya mashindano. Hata kama ni noti imeanguka. Hata kama ni mtoto wako."

"Mtoto wangu usimtaje."

"Sawa. Hata kama ni mtoto wangu."

Jumatatu msimamizi akakagua vifaa. Aliipitisha magazini puani kama ananusa samaki, akaona mchanga kwenye mdomo wake.

"Hii imeanguka?"

"Imeanguka, afande. Ndivyo mchezo ulivyo. Mwalimu ameagiza."

"Mwalimu ndiye anakupa kazi?"

Nikanyoosha mkono niichukue magazini.

"Chombo changu hakigusi ardhi. Karatasi utaitafuta, sikatai. Lakini nitakuwepo siku hiyo, na macho ninayo."

Nilitembea kutoka ofisini mpaka kituo cha teksi nikiwa naongea peke yangu. Mmoja ananifuta nikiokota, mwingine ananizungusha ukuta nisipookota, na wote wawili wamelala usiku mzima.

Siku ya mashindano ilikuwa na matope, mvua ya alfajiri. Watu walikuja na magari, na mabegi ya bastola yenye mifuko kumi, na miwani ya rangi ya chungwa. Mimi na mwenzangu tulikuja na sare za kampuni na soksi zilizolowa mvua. Vituo vitatu nilivipita kwa mwendo wa bibi harusi. Nilipiga vibao, sikugusa raia wema hata mmoja, na muda wangu ulikuwa aibu. Mama mmoja mwenye miwani ya chungwa aliniambia kwa heshima ya Kiganda, "Nnyabo, unapiga vizuri, sasa tembea." Nikamwambia asante. Moyoni nilimwambia kitu kingine.

Kituo cha nne kilikuwa na mlango wa mbao, mapipa, kisha ukumbi mrefu wa kukimbia. Hapo lazima ubadilishe magazini, huwezi kukwepa. Nyuma ya kamba niliona kofia ya msimamizi. Alikuwa amefika.

Kisaa kikalia. Nikachomoa. Vibao viwili mlangoni, kushoto ndiyo inashika, kidole kimoja, vingine visijue. Nikapita pipa la kwanza na kidole nje. Vibao vitatu. Bastola ikabaki wazi, risasi zimekwisha. Nikabonyeza kitufe, magazini ikaporomoka, ikatua matopeni kwa sauti ya ovyo kabisa, kama mtu kamwaga uji.

"Magazini!" msimamizi akaita nyuma yangu.

Goti la kulia likakunjika. Sikulikunja mimi. Mkono wa kushoto ukashuka na vidole vimefunguka, na bega la kulia likaanza ile safari yake ya kwenda nyuma.

"Mdomo," mwamuzi, aliyekuwa ananifuata hatua kwa hatua na kisaa, akasema karibu sana na sikio langu, bila haraka.

Nikaganda. Nusu nimeinama, bastola tupu mbele inaangalia udongo, kidole nje, mkono wa kushoto hewani hauna kitu. Niliiona magazini. Ilikuwa imelala kifudifudi, tope linaingia. Sekunde zikapita na mimi nikaziacha zipite, kwa sababu nilijua nikiusogeza mwili kabla haujanisikia, utainama. Sijui ilikuwa muda gani. Waliotazama walisema ni mrefu mpaka mtu mmoja akauliza kama nimeumwa.

Halafu nikasimama wima. Mkono ukaja kiunoni, ukapata magazini nyingine, ukaiingiza. Nikamaliza vibao vilivyobaki, kimoja kimoja, kama mtu anayefagia uwanja.

"Kama umemaliza, toa risasi, onyesha," mwamuzi akasema. Nikaonyesha. Akatazama chumba cha risasi kitupu, akatazama uso wangu. "Ala." Nikairudisha. Akaandika. Niliuangalia mkono wake mpaka alipotia sahihi.

Msimamizi alipita chini ya kamba, akaiokota magazini yeye mwenyewe, akaifuta kwenye suruali yake ya kaki.

"Wa mwisho," akaniambia. "Wa mwisho kabisa. Kampuni nzima inachekwa."

"Nimefutwa, afande?"

"Nimekuambia kuhusu magazini au sikukuambia?"

"Umeniambia. Nauliza, nimefutwa?"

Aliendelea kufuta tope. Mwalimu alikuwa amesogea, amesimama kando yetu na karatasi mkononi. Alimnyooshea msimamizi ile karatasi, sio mimi. Msimamizi akaisoma yote, pamoja na kichwa cha juu, kama anatafuta mlango wa kutokea.

"Jumatatu," akasema mwishowe. "Kliniki. Saa kumi na mbili asubuhi, usichelewe. Na leo jioni unarudi getini, sina mtu mwingine."

Nilirudi getini jioni hiyo. Nililinda supamaketi mpaka asubuhi, bila simu, na tope la machimbo kwenye soksi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikukumbuka kufurahi.

Jumatatu jioni nilifika nyumbani saa mbili kasorobo, foleni ya Ntinda iliniweka. Mtoto alikuwa ameshakula. Niliponawa na kupanda godoroni upande wa ukuta, alinitazama, akamtazama bibi yake, akaanza kulia. Hiyo haikuwa saa yangu ya kuwepo. Alinisukuma kwa miguu yote miwili.

"Anasema unambana," mama yangu akatafsiri.

"Nimesikia."

"Godoro hili sisi wawili lilikuwa linatutosha. Sasa Afande umekuja na mifupa yako."

"Sogea, mama."

Akasogea, huku analalamika kwa Kinubi, lugha anayoitumia akitaka nisijibu. Mtoto alilia mpaka akachoka, akageukia kwa bibi, akalala akinipa mgongo, na mguu mmoja kauacha juu ya tumbo langu. Sikuusogeza. Saa kumi na nusu alfajiri nilikuwa nimeshaamka tena, natafuta viatu.